Mkono Uliojua pa Kushika

"Sikufunga kompyuta," Nelima alisema. "Hata ukiniuliza mpaka kesho, Afande, sikuifunga."

"Kesho hutakuwa hapa. Kesho utakuwa kortini."

Sajini Wesonga hakusema hivyo kumtisha. Ndivyo mambo yalivyokuwa. OCS Okello, mkuu wa kituo, alikuwa ameshaamua tangu jana, kabla hata hajatia mguu kwenye kiwanda chenyewe: karani ashtakiwe kwa mauaji, faili ifungwe, wenye kiwanda warudi kuuza siagi yao. Wakubwa huwa na haraka ya namna hiyo wakishapata mtu mdogo wa kumbebesha.

Nelima alikuwa mwanamke wa makamo, mkazi wa mtaa wa Munyaka. Usiku mmoja tu wa selo ulikuwa umemtoa rangi usoni. Mikono alikuwa ameificha ndani ya leso kama mtu anayeona baridi.

"Turudie," Wesonga alisema. "Jumamosi mchana. Ofisini mlikuwa nani?"

"Mimi peke yangu. Meneja alikuwa mjini."

"Na Kimeli?"

"Kimeli aliingia kwa chumba cha barafu kupanga siagi. Akaniambia akimaliza atatoka kiwandani kwa upande wa lori, bila kupita ofisini. Hiyo ndiyo njia yake siku zote. Kwa hivyo sikushangaa kutomwona."

"Kompyuta?"

"Ilikuwa wazi mbele yangu. Ikaenda giza yenyewe."

"Yenyewe."

"Yenyewe. Nikadhani imepumzika. Kwani hizi mashine hazipumziki?"

Shida ilikuwa kwamba kompyuta yenyewe ilisema vingine. Ilikuwa imeandika kwamba Jumamosi mchana kifuniko chake kilifungwa, nayo ikalala. Na kompyuta hiyo ndiyo iliyoendesha komeo la umeme la mlango pekee wa chumba cha barafu. Ikilala, komeo halisikii mtu; si kadi ya nje, si kitufe cha ndani. Kimeli, mtunza stoo, mjane wa kiume aliyeishi peke yake Cheptiret, hakuwa na mtu wa kuuliza mbona hajafika nyumbani. Jumatatu asubuhi alikutwa amekaa nyuma ya mlango huo, ameganda. Simu yake ilikuwa imebaki kwenye sanduku la getini mpaka ikaisha chaji.

"Meneja aliwaambia Ijumaa msifunge hicho kifuniko. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Na Kimeli alikuwa amekuripoti kwamba unatoka kazini mapema."

"Aliniripoti. Tukateta. Kesho yake tukakula githeri kwa kopo moja." Nelima aliinua uso. "Kwani kila mtu akiripotiwa angekuwa anaua, Afande, hapa Eldoret kungebaki nani?"

Askari aliyesimama mlangoni alicheka, kisha akakohoa kuficha kicheko.

"Kuna kitu huniambii," Wesonga alisema.

"Nimekuambia yote."

Alisema hivyo akiangalia sakafu. Mpaka hapo, kila jibu alikuwa amelitoa akimwangalia Wesonga machoni.

Pale kaunta, Wesonga aliomba mfuko wa vitu Nelima alivyokamatwa navyo. Biblia ya Kibukusu, lugha ya watu wa Bungoma. Kopo la chakula. Sweta. Na mawe mawili ya redio, yaani betri, yamefungwa kwa mpira wa nywele.

"Redio iko wapi?"

"Hakuna redio, Sajini," askari wa kaunta akasema. "Ni hayo mawe tu. Labda ni ya tochi."

"Tochi iko wapi?"

"Hakuna pia."

Wesonga alitia sahihi, akayaweka mawe mfukoni. Simu ikalia kabla hajafika kwenye gari.

"Wesonga, bado unapika nini huko?" Ilikuwa sauti ya OCS Okello.

"Namalizia, mkubwa."

"Jioni nataka faili kwa meza yangu. Hawa wenye kiwanda wa Nairobi wananipigia mimi, hawakupigii wewe."

*

Kiwanda kilikuwa nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda mji mdogo wa Ziwa, kimezungushiwa ukuta wa mawe na waya juu yake. Kukiona kwa nje ungedhani ni jela iliyopakwa rangi nyeupe. Mlinzi wa geti alinyoosha kisanduku cha mbao.

"Simu na funguo, Afande. Unaacha hapa."

"Mimi?"

"Ni sheria. Kila mtu akiingia. Walikuwa wakisema wafanyakazi wanaitana kwa simu waibe siagi, na funguo ati zinakwaruza mashine."

"Na Meneja huacha zake?"

Mlinzi alicheka hadi meno ya nyuma yakaonekana. "Afande, kwani unataka nifutwe?"

Wesonga alimpita na simu yake mfukoni.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo cha mabati, mlango mmoja na dirisha moja lenye vyuma. Printa ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, rangi ya waridi. Mezani, chini ya dirisha, kulikuwa na kompyuta ya kukunja. Mbele yake aliketi Jepchirchir, fundi wa kompyuta mwenye duka mjini, mwanamke wa sauti kubwa aliyezoea kuongea juu ya kelele za jenereta. Yeye ndiye aliyekuwa ameitengeneza kompyuta hiyo Ijumaa. Kwa hivyo Wesonga alianza na yeye.

"Uliweka nini humu ndani?"

"Kerneli mpya. Niliagizwa. Makao makuu walisema mashine zote zipandishwe."

"Niambie kama unavyomwambia mama yako."

"Mashine hii inaendeshwa na Linux. Sasa kerneli ni ile sehemu ya ndani kabisa, inayoongea na vyuma. Feni, betri, skrini, mambo yote ya stima. Inaamua nini kilale na nini kiamke. Ya zamani haikujua hata kama kompyuta hii ina kifuniko. Ungefunga, ungefungua, yenyewe inaendelea na kazi. Mpya inajua. Ukifunga, inalala."

"Kulala si kubaya."

"Kama itaamka. Hii haiamki. Taa inawaka, feni inazunguka, skrini ni giza ti. Mpaka uizime kwa nguvu uanze upya."

"Ulijua lini?"

"Ijumaa hiyo hiyo. Nilimwambia Meneja tuirudishe ya zamani. Bado iko humu, mashine ikiwaka unaichagua tu. Akasema lori zinapakia, mlango hauwezi kukaa bila kompyuta hata kidogo, nirudi Jumatatu." Jepchirchir alibana midomo. "Akawaambia wafanyakazi wasifunge kifuniko. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake."

"Wewe unaweza kuilaza ukiwa dukani kwako?"

"Aha. Sasa tumefika kwangu."

"Jibu."

"Naweza. Lakini kuingia kwangu kungeandikwa, na hakukuandikwa. Halafu Jumamosi nilikuwa Ziwa, nanunua ndama. Uliza mtu yeyote wa soko. Aliyetaka kuniuzia alikuwa ameficha jicho bovu la huyo ndama kwa kofia. Nilipiga kelele mpaka wakaja kutazama."

Wesonga alipiga simu mbili na kukuta ni kweli. Hata kofia ilikumbukwa. Njia hiyo ikafa. Alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta, akafunga kifuniko polepole, akakifungua. Skrini ilikuwa nyeusi.

"Inaonaje kwamba imefungwa?"

"Haioni. Kwa kifuniko kuna sumaku ndogo. Hapa chini, pembe ya kushoto, kuna kidude kinachonusa sumaku. Kikinusa, mashine inaamini imefungwa."

"Sumaku ya kifuniko peke yake?"

"Sumaku ni sumaku, Afande. Haina jina."

Wesonga alitazama pembe hiyo ya kushoto. Ilikuwa karibu kabisa na dirisha. Alitia mkono mfukoni, akagusa mawe mawili.

Jumamosi mchana. Mtu anayeficha redio mahali redio imekatazwa, na simu yake iko kwenye sanduku la geti. Ni nini kinachosomwa redioni mchana ambacho mtu wa Webuye au Bungoma hawezi kukiacha kipite? Wesonga hakuhitaji kuulizwa mara mbili: matangazo ya vifo. Mwaka juzi jina la mkewe lilikuwa limesomwa saa hiyo hiyo, na yeye alikuwa amekaa kando ya redio kama wengine, akingoja kusikia mwili utatoka mochari siku gani, kama vile si yeye aliyepeleka tangazo.

"Nisaidie kutafuta redio," alisema.

Waliipata ndani ya katoni ya karatasi za printa, chini kabisa, imeviringishwa kwa kitambaa cha kufuma cha rangi ile ile ya waridi. Nyuma hakukuwa na mawe. Wesonga aliyatia aliyokuja nayo, akawasha. Ilikoroma. Akaiweka kwenye kiti: kelele. Juu ya printa: kelele. Mwisho wa meza, kulia: kelele. Mabati ya ofisi yalikuwa yamemeza mawimbi yote.

"Iwashe kompyuta kwanza," alimwambia Jepchirchir. "Iache wazi."

Mashine ilipokuwa tayari, aliiweka redio juu ya pembe ya kushoto, antena ikaegemea chuma cha dirisha. Sauti ya mtangazaji ikatoka safi kama mtu aliyesimama nje.

Skrini ikaenda giza.

"Mungu wangu," Jepchirchir alisema. "Spika. Spika ya redio ina sumaku nyuma yake."

Aliizima kwa nguvu, akaiwasha tena, akasoma ilichoandika. Kifuniko kimefungwa. Na kifuniko kilikuwa wazi mbele ya macho yao wote wawili.

Wesonga alitoka nje kumpigia OCS. Alieleza kila kitu, kutoka mawe mpaka spika.

"Redio ni ya nani?" Okello aliuliza mwishowe.

"Ni ya Nelima."

"Nani aliiweka hapo?"

"Ni yeye, lakini hakujua..."

"Basi si umenimalizia kazi? Jana tulikuwa na kifuniko, leo tuna redio. Mkono ni ule ule. Atamwambia hakimu kwamba hakujua."

Simu ikakatwa. Wesonga alibaki ameishika sikioni. Asubuhi Nelima alikuwa amekana. Sasa Wesonga mwenyewe ndiye aliyekuwa amemletea kamba ya kumfungia.

*

Kwenda chumba cha barafu ulipita korido nyembamba isiyo na dirisha. Mlango ulikuwa mnene kama godoro. Wesonga aliusukuma mpaka mwisho, akaweka kreti ili usijifunge, na akamweka Jepchirchir ofisini aiangalie mashine. Kisha akachuchumaa upande wa ndani.

Mlango wote kwa ndani ulikuwa umefunikwa mabamba ya alumini, mapya, yanayong'aa, yaliyopangwa wima na kulaliana kingo. Kitufe cha kutokea kilikuwa ukutani kushoto. Hapo hakukuwa na alama. Kwenye ufa wa mlango, mahali mtu yeyote aliyefungiwa angeng'ang'ania, hakukuwa na alama. Alama zilikuwa mahali pamoja tu: upande wa kulia, chini ya usawa wa kifua, kwenye kingo ya bamba. Mikwaruzo ya vidole, minne minne, mmoja juu ya mwingine. Na kidoa cheusi cha damu kilichogandia kwenye ripiti, msumari ulioshikilia bamba.

"Unatafuta nini hapo?"

Meneja Nicholas alikuwa amesimama koridoni, mtu mnene, kizibao cha manyoya, kikuku cha funguo kikining'inia kidoleni na simu mkononi.

"Hizi alama, Meneja."

"Ni kreti. Wanazitupa ovyo."

"Kreti zina kucha?"

Nicholas alizungusha kikuku cha funguo kidoleni.

"Mlango huu ulikuja hivi? Bila mkono wa kufungulia kwa ndani?"

"Ulikuja hivyo hivyo. Kuna kitufe."

"Haujawahi kuwa na mkono."

"Haujawahi. Nimesema."

"Nataka kuondoa bamba hili nione."

"Hiyo ni mali ya kampuni. Lete karatasi ya korti." Nicholas alitabasamu. "Ama umuulize OCS. Tumeongea naye leo."

Wesonga alijua jibu la OCS. Alisimama, akajipangusa magoti, akaweka sura ya mtu aliyechoka.

"Sawa. Basi nisaidie kitu kimoja nimalize. Fundi amegundua vile Nelima alivyoilaza mashine. Nataka kushuhudia mlango ukikataa, halafu niandike. Mimi ndani, wewe ndani kama shahidi wa kampuni. Fundi anabaki ofisini."

"Hiyo ndiyo ya kumpeleka ndani huyo mama?"

"Hiyo ndiyo."

"Basi twende. Kimeli alikuwa mtu wangu."

Jepchirchir aliitwa. Aliposikia wanachotaka, aliwaangalia mmoja mmoja.

"Afande, ikilala haitaamka. Nitalazimika kuizima na kuianza upya. Na siku zingine inakataa mara ya kwanza."

"Najua."

"Itachukua muda. Huko ni barafu."

"Weka redio," Wesonga alisema, na akaondoa ile kreti.

Mlango ulijifunga wenyewe kwa mshindo mzito. Ndani kulikuwa na balbu moja, katoni za siagi hadi darini, na feni mbili zilizounguruma kiasi kwamba hata ungepaza sauti vipi, nje hakuna ambaye angesikia. Pumzi zao zilikuwa moshi. Walingoja kidogo, kisha Nicholas akabonyeza kitufe. Hakuna kitu. Akabonyeza tena.

"Haya, tumeona. Mwambie afungue."

"Mwambie wewe."

Nicholas aliinua simu, akaigeuza huku na huku, akainyanyua juu ya kichwa. "Hakuna netiweki."

"Kimeli hakuwa hata na simu."

"Sajini, mzaha umeisha."

Wesonga alikaa juu ya katoni. Koti lake lilikuwa la kuvaa ofisini tu. Baridi ilikuwa imeshaingia kwenye viungo vya vidole, alipojaribu kuvikunja vilikuja polepole.

"Huyu msichana anafanya nini huko?"

"Anaiwasha. Ikikubali."

"Ikikubali?"

"Si ulielezwa Ijumaa? Haiamki."

Nicholas aliugonga mlango kwa ngumi. Ilikuwa kama kugonga gunia. Alibonyeza kitufe, akabonyeza, akakishikilia. Aliita jina la Jepchirchir, kisha la mlinzi wa geti, kisha la Mungu. Wesonga hakutingisika.

"Mimi niko na presha! Sajini! Nina presha, daktari wangu anajua!"

"Kaa chini. Ukipiga kelele unamaliza nguvu."

"Tutafia hapa!"

"Labda."

Meno ya Nicholas yalianza kugongana. Alitazama kitufe, akatazama balbu. Kisha aligeuka. Hakwenda kwenye ufa wa mlango. Aliinama upande wa kulia, chini ya usawa wa kifua, mkono wake ukashuka moja kwa moja juu ya ile mikwaruzo, kama mtu anayetafuta swichi ya chumbani kwake gizani. Alichomeka ufunguo wa gari kwenye kingo ya bamba, akakaza. Ripiti ikaruka. Akakaza tena, akikoroma, bamba likajikunja kama kifuniko cha kopo. Nyuma yake kulikuwa na tundu la duara, na ndani ya tundu, kipande cha chuma kilichokatwa kwa msumeno, kirefu kama kidole gumba.

"Iko! Bado iko!" alipiga kelele. "Tulikata inayotokeza tu!"

Aliviringisha leso ya mfukoni kwenye kile kipande, akakishika kwa mikono miwili, akageuza. Komeo likaitika kwa ndani. Mlango ukaachia.

Hewa ya korido iliwapiga kama ya jikoni. Kutoka ofisini Jepchirchir alipaza sauti:

"Afande! Bado haijawaka! Nani amefungua?"

Wesonga alitoka wa mwisho. Alisimama na kuangalia lile tundu kwa muda, akipulizia vidole vyake.

"Ulijuaje ni hapo?" aliuliza.

Nicholas alikuwa ameketi sakafuni koridoni, kizibao kimempanda shingoni. Funguo bado zilikuwa mkononi.

"Sajini, hii tunaweza kuongea."

"Ongea."

"Walikuwa wanatoka bila kadi. Unageuza mkono, unatoka na siagi chini ya koti, hakuna mahali imeandikwa. Nairobi walikuwa wananipigia kila siku. Mimi ningefanya nini? Nilikata tu kile kinachoonekana, nikafunika."

"Uliukata na nani?"

Nicholas alifuta uso.

"Meneja. Uliukata na nani?"

"Kimeli alinishikia tochi."

Hapo mikwaruzo ilisomeka yote. Kimeli hakuwa amekwaruza ovyo kama mnyama. Alijua chuma kiko nyuma ya bamba, alijua ni kingo ipi, alijua ni urefu upi. Alichokosa kilikuwa kitu kigumu cha kuchomeka hapo na kung'oa ripiti moja.

"Alikuwa na kucha tu," Wesonga alisema. "Funguo zake zilikuwa kwa sanduku la geti."

Alimwita Jepchirchir aje aone, akampa simu yake apige picha, aseme tena mbele ya Nicholas kile alichomwambia Ijumaa. Kisha akaitoa leso pole pole kutoka kwenye kile chuma na kuitia mfukoni pamoja na ripiti.

*

OCS Okello alisikiliza akiwa amesimama. Aliangalia picha kwenye simu ya Wesonga, akaziangalia tena, akitafuta mahali pa kupenyezea. Alipokosa, alikunja uso.

"Ulimfungia meneja wa kiwanda ndani ya friji."

"Tulijifungia pamoja, mkubwa. Na alitoka mwenyewe. Marehemu ndiye aliyeshindwa."

"Watanipigia."

"Watapiga. Waambie bamba limeng'olewa na meneja wao kwa ufunguo wake. Fundi ni shahidi."

Okello alitazama nje ya dirisha. Mtu akipima kati ya mkubwa aliye mbali na ushahidi ulio mezani, huwa anataka sana ushahidi ndio uondoke. Haukuondoka.

"Mtoe huyo mama," alisema. "Na uniandikie vizuri."

Pale kaunta walipishana. Nicholas alikuwa upande mmoja, bado ana kizibao, anatafuta nani wa kumwangalia. Askari wa kaunta alisukuma mfuko mbele yake.

"Simu na funguo, Mzee. Unaacha hapa."

"Mimi?"

"Kila mtu akiingia."

Funguo zilianguka juu ya mbao kwa kishindo. Nelima, upande wa pili, alikuwa anapokea vyake: Biblia, kopo, sweta. Wesonga alitoa mawe mawili mfukoni akayaweka juu ya sweta.

Nelima aliyaona, na mabega yake yakashuka.

"Uliipata."

"Niliipata. Ulikuwa unamsikilizia nani?"

"Senge yangu, dada ya baba. Walisema tangazo litasomwa Jumamosi." Aligusa jiwe moja kwa kidole. "Sikusikia mwisho. Nilidhani nimesikia gari la Meneja, nikazima. Mpaka leo sijui wanamzika lini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Redio ni kufutwa. Nikajua nikitaja redio nitafutwa. Halafu mkasema ni mauaji, nikaona sasa nikitaja redio..." Aliinua macho. "Afande. Ile giza ya kompyuta. Ni redio yangu?"

Askari wa kaunta aliacha kuandika. Nicholas naye alikuwa anasikiliza.

"Redio yako ilizima kompyuta," Wesonga alisema. "Mlango ulifungwa kabla ya hapo, siku mkono ulikatwa."

Nelima alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kama mtu aliyepewa mzigo akaupima na kuona ataweza kuubeba, lakini hatausahau. Alijifunga leso. Akachukua Biblia, akachukua kopo, akavaa sweta pale pale ingawa jua lilikuwa bado linawaka nje.

"Mawe yako," askari alimwita alipofika mlangoni.

Hakugeuka. Yalibaki pale kaunta, kando ya kikuku cha funguo.